Kumuuguza nyumbani kijana aliyevunjika paja au muundi kwa ajali

Mfupa wa kijana wa miaka 15, ukishanyooshwa na kutulizwa, huunga wenyewe. Muundi na paja huchukua kama wiki 12 hadi 16, na hakuna dawa wala supu ya kuharakisha hilo. Kinachoharibikia nyumbani ni kingine kabisa: goti linakakamaa, ngozi ya kisigino na makalio inachimbika, kidonda kinaingia uchafu, na kijana anazoea kufanyiwa kila kitu mpaka anasahau kwamba ana mikono miwili mizima. Kazi ya familia ni kuvilinda hivyo vinne. Maelezo haya yanafuata mazingira ya Tanga mjini, lakini wa Pongwe au Muheza naye atayatumia bila shida.

Kabla hamjatoka wodini

Msiridhike na "asikanyage" au "afanye mazoezi". Ni maneno hayo yanayogombanisha watu nyumbani: baba mdogo anataka asimame, bibi anataka alale. Muulizeni daktari aliyempasua, au mtu wa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa wodini, na muandike majibu palepale mbele yake. Mguu haukanyagwi kabisa, unagusa tu chini, au unabeba kilo ngapi? Hadi tarehe gani? Goti linaruhusiwa kukunjwa? Nyuzi zinatolewa lini? (Mara nyingi ni siku ya 10 hadi ya 14.) Aliyewekewa chuma ndani ya mfupa huweza kuruhusiwa kukanyaga mapema kuliko mwenye hogo la POP (plasta ngumu inayofungwa mguuni), kwa hiyo msimwige mtoto wa jirani aliyevunjika mwaka jana. Mguu unaonekana uleule, kilichomo ndani ni tofauti.

Mchagueni mtu mmoja wa kushika daftari hilo. Wengine wasaidie, lakini dawa, tarehe za kliniki na maelekezo ya daktari yapite kwake. Wauguzaji wanne wasio na daftari humpa mgonjwa dawa ya maumivu mara mbili ndani ya saa moja, au wasimpe kabisa.

Nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), karatasi ya kuruhusiwa, picha za eksirei na risiti vikae kwenye mfuko mmoja mgumu. Dai la bima ya chombo kilichomgonga huhitaji karatasi hizo. Risiti za mashine hufutika kwa joto, na joto la Tanga mnalijua, kwa hiyo zipigeni picha au kopi siku hiyohiyo. Kama gharama zimewashinda, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mgonjwa akiwa bado wodini. Ukishatoka, mlango huo unakuwa mgumu zaidi kuufungua.

Chumba, kitanda na choo

Kwenye nyumba za korido kama zile za Ngamiani na Makorora, kila mtu hutaka mgonjwa alale chumba cha mbele, karibu na baraza, apate upepo na wageni. Kwa wiki za mwanzo ni kosa. Mpeni chumba kilicho karibu na uani, maana safari ya choo ni kila siku, tena usiku, tena kwa magongo. Upepo atapata mchana barazani, akishaweza kufika.

Ondoeni mikeka, waya za feni na viatu njiani. Magongo yanahitaji upana wa sentimita 90 hivi. Kama anatumia kiti cha magurudumu, kila sentimita 1 ya kimo cha ngazi inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi ya sentimita 15 itahitaji mteremko wa sentimita 180. Mteremko mfupi kuliko huo humrudisha kinyumenyume na kiti chake.

Kitanda kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 50 pamoja na godoro, ili akikaa ukingoni unyayo mzima ufike chini. Cha kamba hakifai: kinabonyea katikati, nyonga zinakunjika, na kuinuka kunakuwa kazi ya watu wawili. Chandarua kiwe kikubwa cha mraba, hasa kwa mwenye vyuma vya nje (fimbo zinazoshika mfupa kutokea nje ya ngozi), maana ncha za vyuma hunasa nyavu na akijigeuza usingizini anajitonesha.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote. Fundi seremala anaweza kutengeneza stuli ya mbao yenye tundu kwa nusu siku: kimo sentimita 45, kiti cha mraba wa sentimita 45, tundu la mviringo wa yai lenye urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 20, miguu iliyopanuka kidogo kwa chini, na vipande vya tairi vimepigiliwa kwenye nyayo zake zisiteleze. Kingo za tundu zipigwe msasa, kisha zizungushiwe tyubu ya baiskeli. Stuli inakaa juu ya shimo la choo, au usiku chumbani juu ya ndoo yenye maji kidogo. Wengine hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Ni rahisi, lakini plastiki iliyokatwa hupasuka kuanzia kwenye kona ya tundu, na hupasuka mtu akiwa ameketi. Mkilazimika, tundu liwe la mviringo lisilo na kona, na mtu mzima mzito akijaribu kwanza. Ukutani pigeni bomba au ubao wa kushikia, upande wa mkono wenye nguvu.

Kuoga na haja ni mahali pa aibu kwa umri huu. Mvulana aogeshwe na baba, kaka au mjomba. Msichana na mama, dada au shangazi. Kanga ifunike kila kisichooshwa kwa wakati huo, na anachoweza kuosha mwenyewe aachiwe. Kijana anayeona aibu hunywa maji machache ili asiombe kopo la mkojo, na hapo ndipo choo kigumu na maambukizi ya mkojo yanapoanzia.

Hogo

POP hukauka ndani kwa siku 2 hadi 3, na wakati wa masika huchukua zaidi hata kama nje limeshakuwa gumu. Muda huo linyanyueni kwa viganja, kamwe si kwa ncha za vidole, na lilale juu ya mto, si juu ya ubao. Alama ya kidole iliyobonyea kwenye hogo bichi hukauka ikielekea ndani, ikakandamiza ngozi na kuchimba kidonda msichokiona mpaka kinuke. Feni inafaa kulikaushia. Jiko la mkaa halifai.

Wakati wa kuoga, lifungeni kwa nailoni nzito tabaka mbili, mkazo uwe juu ya ukingo, na mguu utokeze nje ya beseni. Likiwasha, pigeni upande wa nje kwa kiganja au pepeeni hewa ukingoni. Njiti ya kujikunia hukwangua ngozi, au huvunjikia ndani. Likilowa likalainika, likipasuka au likilegea hadi mguu unacheza, rudini likabadilishwe.

Vyuma vya nje, yaani antena

Pale chuma kinapoingia ngozini ni mlango wa vijidudu kuelekea mfupani. Hospitali ikiwapa ratiba na dawa yake, fuateni hiyo. Kama mmeambiwa tu "msafishe", fanyeni hivi.

Chemsheni nusu lita ya maji kwa dakika 10, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, funikeni yapoe. Anayesafisha anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kucha ziwe fupi, pete itolewe. Chovya gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda), kamua kidogo, zungushia pale chuma kinapokutana na ngozi ukifuta kuelekea nje, kisha tupa. Chuma cha pili, gozi jipya. Vyuma sita ni gozi sita, hata kama vyote vinaonekana visafi. Kipande kimoja kikipita kote huhamisha uchafu wa tundu moja bovu hadi matundu matano mazima. Gaga laini lifutike, gumu lisibanduliwe kwa ukucha. Malizia kwa kukausha kwa gozi kavu. Fimbo za nje zifute mwisho kwa kitambaa kingine.

Msipake majivu, mafuta ya nazi wala dawa ya meno, na msimimine unga wa kapsuli za antibiotiki. Unga huo huganda na majimaji, ukaziba tundu, usaha ukabaki ndani.

Majimaji meupe au ya manjano hafifu wiki ya kwanza ni kawaida. Usaha mzito, harufu, wekundu unaopanuka, maumivu mapya au chuma kinachocheza si kawaida, msisubiri tarehe ya kliniki. Nati zisiguswe na mtu yeyote. Ila kuna mbinu nzuri: chora mstari wa rangi ya kucha kuanzia kwenye nati hadi kwenye fimbo siku ya kwanza. Mistari ikikatika siku moja, mmejua nati imezunguka.

Dalili za kuondoka nyumbani saa hiyohiyo

Siku za mwanzo mguu uwe juu kuliko moyo, kwa mito miwili au mitatu. Kila baada ya saa chache angalieni vidole: bonyeza ukucha wa kidole gumba, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2. Nendeni hospitali bila kungoja asubuhi mkiona maumivu yanayozidi licha ya dawa, hasa ukimnyoosha vidole vya mguu anapiga kelele. Vidole vya baridi, vilivyopauka au vilivyokufa ganzi. Misuli imekaza hadi ngozi inang'aa. Damu na uvimbe vikibanwa ndani ya misuli huiua kwa saa chache, na mguu unaweza kukatwa. Msikande. Msimpe dawa nyingine mkasubiri.

Vilevile: homa inayofika 38, shavu la mguu lililovimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika ghafla.

Kama alipigwa kichwa, hata kama picha ilionekana safi, ongezeni haya: kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayopanda, usingizi asioamshika, degedege, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, kuongea ovyo. Alale tu, usingizi ni tiba, lakini usiku wa mwanzo mwamsheni kila baada ya saa chache aseme jina lake na yuko wapi.

Ngozi na mahali pa kuweka mto

Anayelala muda wote ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Kagueni kisigino, makalio, nyonga na mgongo wa chini kila asubuhi. Kwenye ngozi nyeusi msitegemee wekundu. Tafuteni sehemu iliyoiva rangi kuliko jirani zake, yenye joto au ngumu ukiigusa. Hapo pasilaliwe tena mpaka pamerudi sawa. Kwa jasho letu la Januari na Februari, shuka la pamba na kubadilisha kila siku; nailoni chini ya shuka inachemsha ngozi.

Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, kisigino kikining'inia hewani. Usiwekwe chini ya goti. Watu humwekea hapo kwa huruma, na kweli anapata nafuu, lakini goti lililolala limekunjwa wiki tatu halinyooki tena kwa urahisi, na asiyenyoosha goti atachechemea mfupa ukiwa umeshapona. Unyayo nao uegemezwe kwenye ubao au boksi zito usidondoke mbele.

Mazoezi

Ikibidi kuchagua kati ya kutumia pesa kwenye nyama na kutumia nauli kwenda fizio, chagueni nauli. Mazoezi yafuatayo kwa kawaida huruhusiwa mapema, ila mthibitishe na fizio wenu kwanza.

Kifundo cha mguu, kama hakiko ndani ya hogo: kuvuta unyayo juu na kusukuma chini mara 20, kila saa akiwa macho. Hii husukuma damu na kupunguza uvimbe. Kisha kukaza paja: mguu umenyooka, kanga imekunjwa ikawekwa chini ya goti, analigandamiza goti chini na kuhesabu hadi 5, analegeza. Mara 10, mara nne kwa siku, kisha kanga inaondolewa. Kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, sentimita 15 tu, kungoje ruhusa.

Kukunja goti ndiko kunakoogopwa. Mpeni dawa ya maumivu nusu saa kabla. Akae kwenye sakafu laini ya saruji, soksi mguuni, avute kisigino taratibu kuelekea makalioni, ashikilie hapo kwa sekunde 10, arudishe. Avute mwenyewe, mtu mwingine asimkunje kwa nguvu. Mara moja kwa wiki chukueni futi ya fundi cherehani mpime umbali kutoka kisigino hadi makalio, muandike kwenye daftari. Namba hiyo ikishuka kutoka sentimita 60 hadi 52, kijana anaona kazi yake, na hiyo inamsukuma kuliko mawaidha. Goti kukunjika nyuzi 90, kama kona ya mraba, kunatosha kukaa kitini. Kuchuchumaa na kusujudu vinataka zaidi sana ya hapo, kwa hiyo "anakaa vizuri" isiwafanye mwache.

Kuuma wakati wa zoezi si vibaya kama kunatulia ndani ya saa moja. Goti likiamka limevimba kesho yake, punguzeni idadi nusu, msisimamishe.

Kuhusu kuchua: hakuna mafuta, ya samaki wala ya simba, yanayopita ngozi kuunga mfupa. Kuchua juu ya mvunjiko ambao haujaunga huusogeza, na kuchua kiungo kilichoumia kwa nguvu kunaweza kuotesha mfupa ndani ya misuli. Ganda la mti linalofungwa kwa kukaza limeshasababisha miguu mingi kuoza. Bibi akitaka kusaidia, na atataka, apewe kazi ya unyayo: kuupaka mafuta na kuangalia vidole kila jioni. Ni kazi ya kweli na anaifanya vizuri kuliko wote.

Magongo na usafiri

Akisimama wima, kati ya kichwa cha gongo na kwapa vipite vidole viwili hadi vitatu. Mkono wa kushikia uwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kimekunjika kidogo. Uzito ukae kwenye viganja. Anayejitundika kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na siku moja huamka kiganja kimelegea, hakinyanyuki. Raba za chini zikiisha, gongo linateleza kwenye saruji yenye maji. Kata kipande cha tairi, funga kwa waya, ncha za waya zikiangalia juu. Kwenye mchanga hatua ziwe fupi. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia.

Kliniki aende kwa bajaji, si bodaboda. Aingie kwa kinyumenyume: anakaa kwanza, anajisogeza hadi mwisho wa kiti kwa mikono, mtu mmoja anafuata na mguu akiushika chini ya goti na chini ya kisigino, unalazwa juu ya kiti chote. Lipeni nafasi zote. Wenye kliniki kwenye hospitali za mbali, MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) Dar es Salaam au KCMC Moshi, wakate viti viwili na kumuomba dereva asimame Segera; mguu ulioning'inia saa zote hizo huvimba hadi hogo linabana.

Chakula na dawa

Kila siku apate glasi 2 za maziwa, mayai 2, bakuli la maharage au kunde, na samaki au dagaa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanashinda supu ya kongoro kwa chokaa ya mifupa (kalsiamu), na bei yao inajulikana. Mchicha, papai na maji lita 2 vizuie choo kigumu, hasa kama anatumia tramadol, dawa kali ya maumivu. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe mbali na chai, saa moja kabla au saa mbili baada. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Muulizeni bila ukali, mara nyingi mzazi ndiye wa mwisho kujua.

Paracetamol ya miligramu 500: mwenye kilo 50 au zaidi, vidonge 2 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwepesi zaidi apigiwe hesabu ya miligramu 15 kwa kilo kila dozi. Panadol ni hiyohiyo paracetamol, na dawa nyingi za mafua zinayo pia. Diclofenac na ibuprofen zinywewe baada ya kula. Ramadhani ikimkuta, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye; muoneni shehe wenu kama moyo unamsuta. Sala anaswali ameketi au amelala.

Moyo wake, na shule

Hasira, kulia, ndoto za ajali, kushtuka honi ikipigwa: wiki za mwanzo vitarajiwe. Vikipita mwezi bila kupungua, au akianza kusema "bora ningekufa", mwambieni daktari waziwazi, na dawa zote zifungiwe. Mwenye kuumia kichwa huwa pia mwepesi kuchoka na kusahau. Hiyo si jeuri.

Wageni wapewe saa, kwa mfano alasiri hadi magharibi, na anayeanza kusimulia fulani aliyekatwa mguu asindikizwe barazani kwa adabu. Rafiki zake wa shule wakae naye bila watu wazima. Kazi za mkono apewe: kuchambua mchele, kukuna nazi, kumfundisha mdogo wake hesabu.

Mwalimu mkuu aandikiwe ndani ya wiki ya kwanza, barua ya daktari ikiwa imeambatanishwa. Kama kijana yuko kidato cha pili au cha nne, mwalimu huyo ndiye wa kuwasiliana na Baraza la Mitihani, na mitihani ya Novemba haingojei. Arudi kwa nusu siku kwanza, kiti cha mwisho wa mstari ili anyooshe mguu, rafiki mmoja abebe begi.

Mpira na baiskeli vingoje picha inayoonyesha mfupa umeunga na neno la daktari. Hata hapo, pimeni mzingo wa paja sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti, miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 2 misuli bado, na mazoezi ya kukaza paja yanaendelea.